Begi la Ndung'u, kutoka Lanet hadi Bogoria

Wengi mmeniuliza, kanisani na kazini, ilikuwaje mimi na Mama Wairimu tukaondoka Lanet na mabegi mgongoni, tukarudi baada ya siku kadhaa tumeungua na jua na hatuna maneno. Kila aliyeuliza nilimpa kipande tu. Sasa nimeamua kuandika yote kwa mfululizo, maana vipande hivyo vimeanza kuunganishwa na watu ambao hawakuwepo. Mama Wairimu ameyasoma na amekubali myasome.

Lanet

Rafiki yangu Ndung'u na mimi tulianza safari za miguu tukiwa vijana, tukifanya kazi katika kiwanda cha unga, mimi stoo, yeye dereva wa lori. Hakuna aliyetufundisha. Nilisoma vitabu vya kuazima kuhusu ramani na dira, na kufunga mizigo tulijifunza kwa kukosea. Tulijifunza kwamba kitu kizito hukaa karibu na mgongo, usawa wa mabega, na cha kulalia hukaa chini. Koti la mvua hukaa juu kabisa, kwa sababu mvua haikungojei ufukue begi.

Kanuni moja tu tuliitunga wenyewe, na sijaiona katika kitabu chochote. Hema lilikuwa moja, mabegi mawili. Mimi nilibeba kitambaa cha hema na vigingi, yeye akabeba zile fito nyepesi zinazokunjwa. Yeye alibeba jiko dogo na sufuria, mimi mtungi wa gesi. Mimi mayai, yeye chumvi. Tuliamua hivyo baada ya safari moja ya ujana tulipogombana njiani kuhusu njia panda, kila mtu akashika yake, na tukalala mahali tofauti, kila mmoja bila kujua kama mwenzake yuko hai. Tangu hapo hakuna aliyeweza kukasirika akaondoka. Ukiwa na kitambaa bila fito, huna hema. Ilibidi tupatane kabla ya jua kuzama.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa kutoka ukingo wa shimo la volkano la Menengai hadi Ziwa Bogoria, ambako tulichemsha mayai katika chemchemi za maji moto na kuyala tumesimama, kwa sababu hakukuwa na pa kukaa pasipounguza. Tulikuwa tumekubaliana kuirudia kabla magoti hayajakataa. Kisha figo za Ndung'u zikaanza kushindwa, na safari zake zikawa za kwenda kusafishwa damu na kurudi.

Kabla ya kulazwa mara ya mwisho alifunga begi lake na kulisimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Alimwambia mkewe, Mama Wairimu, "Nikitoka hospitali ni kubeba tu." Wodini alimuuliza kila siku kama begi bado liko pale, naye akamjibu liko. Mambo ya kufa hawakuyagusa. Mkewe alipojaribu kuyagusa, Ndung'u alimkata: "Hayo tutaongea nikitoka Bogoria." Hakutoka wodini.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, ndugu zake walichukua makoti na viatu kama desturi ilivyo. Walipofika kwenye begi, Mama Wairimu alilivuta nyuma yake akasema hilo haligawiwi. Jioni ya Jumapili moja alikuja kwetu, akakaa na mimi na mke wangu Esther, chai yake ikapoa mezani.

"Baba Mercy, nataka kupeleka hiyo begi Bogoria. Kwa miguu, vile mlikuwa mnaenda. Nitaifungua huko."

"Kwa nini usiifungue hapa?" nikamuuliza.

"Kwa sababu alisema inaenda Bogoria." Alisogeza kikombe kando. "Na kuna kitu nataka kujua. Kama alipanga hiyo begi ya kwenda kweli, basi aliamini atapona, na mimi sikukosea kunyamaza. Lakini kama alijua haendi, alinidanganya. Nilikaa hapo kwa kitanda nikimwambia habari za kuku na majirani. Sikumwambia kwaheri. Unaelewa?"

Nilielewa. Esther alimshika mkono, kisha akanigeukia. "Nenda naye. Mimi magoti haya hayafiki hata hapo Bahati. Na wewe Mama Wairimu, ulale kwa nyumba za watu, usilale kwa hema na bwana yangu, anakoroma."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona Mama Wairimu akicheka.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kwake kulichukua. Begi lilikuwa limesimama wima, limejaa sawasawa kila upande, fito zimefungwa ubavuni kwa fundo lake nilijualo. Nikaliinua.

Mimi ni mtu wa stoo. Gunia nikiliinua najua kama limepunjwa. Begi lile lilikuwa na umbo la safari ya siku nyingi na uzito wa blanketi. Jiko halikuwemo, wala sufuria. Mama Wairimu alikuwa ananitazama, nikaliweka chini kwa uangalifu wa mtu anayeweka kitu kizito.

"Nitabeba mwenyewe," akasema. Akapitisha mikono, akafunga mkanda wa kiunoni. Lilimkaa vizuri. Yeye ni mwembamba, na Ndung'u alikuwa mpana wa mabega, kwa hiyo nilidhani alikuwa amekaza mikanda usiku. Sikuuliza. Nilisema nimesahau dira nyumbani, na dira ilikuwa mfukoni. Nyumbani nilitoa jiko letu la zamani kutoka chini ya sinki, nikachukua na sufuria ndogo, nikavisukuma chini kabisa ya begi langu, mahali ambapo kwa kanuni hakuna kinachokaa isipokuwa cha kulalia.

Ukingo wa Menengai

Jirani alitupeleka kwa pikapu hadi juu msituni, na Esther akaja kutuaga. Siku hiyo anga ilikuwa safi. Upande mmoja mvuke wa visima vya kuzalisha stima ulikuwa unapanda kutoka shimoni. Upande mwingine Ziwa Nakuru lilikuwa limetanuka hadi kwenye miti, na miti iliyosimama majini ilikuwa imekauka na kuwa myeupe. Mama Wairimu alisimama akaangalia kwa muda.

"Hii maji itakuja mpaka wapi?"

Nilimwambia hakuna anayejua, ila maziwa yote ya bondeni yamepanda, hata Bogoria. Hilo nililisema kwa makusudi, nikitaka ajiandae, lakini alikuwa anafunga kamba za viatu na sijui kama alisikia.

Vijana wanaouza mahindi ya kuchoma na shanga walituzunguka. "Niaje boss. Picha ya wewe na mathe? Honeymoon ya pili?"

"Ya kwanza ilituchosha," Mama Wairimu akajibu, na wakacheka, wakatuachia njia.

Tulifuata ukingo kuelekea magharibi. Njia ile ina mawe meusi makali yanayobiringika chini ya mguu, na majani marefu yanayoficha mashimo. Nilimwonyesha jinsi ya kufupisha hatua na kukanyaga kwa unyayo mzima. Kufikia mchana kisigino chake kilikuwa kimeanza kuwaka, nikakifunga plasta kabla hakijatoa lengelenge. Ukishaliona umechelewa. Tulikula githeri baridi ya mahindi na maharagwe, na parachichi, miguu ikiwa imening'inia upande wa shimo.

"Kumbe hii begi si kitu," akasema huku akiligonga kwa kiganja. "Ndung'u alikuwa anarudi analia mgongo, nampaka dawa siku mbili. Kumbe mlikuwa mnajidai."

Nilitafuna parachichi langu. Angeniuliza swali, ningejibu. Hakuuliza, na sikuwa na ujasiri wa kuanza.

"Baba Mercy, hata wewe sasa ni wa kunyamaza? Si Ndung'u ndiye alikuwa wa kunyamaza?"

"Ndung'u alikuwa haongei njiani," nikasema. Ilikuwa kweli. "Aliimba."

"Nyumbani hakuimba."

"Aliimba vibaya sana."

Alitabasamu akiangalia chini shimoni, kisha tukaanza kuteremka.

Kampi ya Moto

Mteremko ulituchelewesha. Tulitarajia kufika Kampi ya Moto jua likiwa bado juu, lakini tulikuta njia ya zamani imezungushiwa seng'enge, ikabidi tuzunguke mashamba. Nilitoa ramani na dira, nikasimama kwenye kona ya shamba la mahindi kutafuta mwelekeo. Lilikuwa kosa, na mtu wa sehemu hizi kama mimi alipaswa kujua. Ardhi ile ilikuwa ya wazungu, ikagawanywa, ikauzwa, ikagombaniwa. Mtu mgeni mwenye ramani kwenye kona ya shamba la mwenzake haulizwi kama amepotea.

Walikuja wanaume watano au sita, na nyuma yao wanawake. Aliyetangulia alikuwa mzee mwenye koti la suti na gambuti.

"Nyinyi ni masaveya?"

"Hapana, mzee. Tunapita tu."

"Unapita na ramani. Na hizo vyuma ni za nini?" Akaonyesha kwa fimbo fito zilizofungwa ubavuni mwa begi la Mama Wairimu. Kweli, kwa asiyezijua, zinafanana na vyuma vya wapima ardhi.

"Ni fito za hema."

"Hema ya nini, na uko na nyumba? Ama umefukuzwa?" Wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha kirafiki. "Nani amewatuma? Hii shamba iko na title."

Nilifanya kitu pekee kilichonijia. Nilitandaza kitambaa cha hema pale njiani, nikaomba fito, nikazifungua na kuzipitisha. Hema likasimama kwenye vumbi, dogo na la kijani, katikati ya watu waliokuwa tayari kutupeleka kwa chifu. Mzee alilizunguka. Akainama akachungulia.

"Mtu mzima analala hapa?"

"Analala, mzee."

"Kwa hiari yake?"

Sasa kicheko kilikuwa kingine. Lakini kijana mmoja hakuridhika. "Na hiyo begi ingine? Ifunguliwe tuone kama hakuna mashine."

"Hii haifunguliwi," Mama Wairimu akasema.

Kicheko kikafa. Kijana alipiga hatua moja mbele, naye akashika mikanda ya begi kwa mikono yote miwili, kama mama aliyebeba mtoto. "Ni ya bwanangu. Alipanga mwenyewe, akafa. Itafunguliwa Bogoria. Ukitaka kuifungua hapa, utanifungua mimi kwanza."

Mzee alivua kofia. Alimwambia kijana neno moja kwa Kikalenjin, na yule kijana akarudi nyuma ya wengine. Mwanamke mnene aliyevaa sweta la shule, waliyemwita Mama Kiprono, alijipenyeza mbele.

"Pole, mama. Pole sana. Leta nikubebee, umechoka." Alimvua begi kabla hajakataa, akalipima mkononi, akakunja uso. "Lakini mbona ni nyepesi hivi? Hii ni ya kwenda Bogoria?"

Nilimwangalia Mama Wairimu. Alikuwa ameangalia begi.

"Nimezoea kubeba maji, kwangu kila kitu ni chepesi," akasema.

Tulikaribishwa kwa Mama Kiprono. Tulikula ugali, mboga ya managu na mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa yanayokwaruza koo la asiyeyazoea, na Mama Wairimu alimaliza kikombe chake akaomba kingine. Wanawake waliongea jikoni. Nilisikia Mama Kiprono akiuliza, "Na huyu mzee ni nani wako?" na Mama Wairimu akijibu, "Huyu ni wa kitambaa." Sidhani alieleweka. Mwenyewe nilielewa, na nikatoka nje kukaza kamba za hema ambazo hazikuwa zimelegea.

Mogotio

Baada ya Kampi ya Moto nchi hubadilika. Joto linapanda, udongo unakuwa mwekundu, na mashamba ya katani yanaanza, mistari baada ya mistari, hadi macho yanachoka. Hatukuzungumza sana. Mara mbili nilimwona akiteremsha begi na kuliinua tena kwa mkono mmoja, akidhani niko mbele mno kuona.

Kabla ya kufika Mogotio mvua ilitukuta. Ilikuwa mvua kubwa ya bondeni, ile inayokuja kama ukuta. Tulikimbilia kibaraza cha duka lililofungwa. Ilikuwa Jumapili na watu wote walikuwa kanisani, na hoteli ya jirani nayo ilikuwa na kufuli. Tulisikia nyimbo zao kwa mbali kupitia mvua. Mama Wairimu alikuwa amelowa kabla ya kuvaa koti, meno yake yakaanza kugongana. Mvua haikuonyesha dalili ya kupungua.

"Angalau chai," akasema. "Lakini jiko iko ndani ya hii. Na hapa si Bogoria."

Alikuwa anatetemeka vibaya. Nilifungua begi langu, nikaingiza mkono hadi chini, nikatoa jiko la zamani na sufuria.

Nilitia maji. Nilifungua gesi, nikawasha. Nilifanya kila kitu polepole. Maji yalipoanza kutoa sauti, Mama Wairimu alilinyooshea jiko kidole.

"Jiko ni la Ndung'u."

"Ndiyo."

"Kila mwaka nilisikia hayo maneno kwa nyumba yangu. Jiko la Ndung'u, gesi ya Baba Mercy. Hata mlipozeeka mlikuwa mnasema kama watoto wa shule." Alikuwa ananitazama bila kupepesa. "Sasa wewe umebeba jiko. Ulijua tangu lini?"

"Tangu Lanet. Nilipoliinua."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kama yeye."

Nilimimina chai kwenye kikombe cha bati nikampa. Alikishika kwa mikono miwili lakini hakunywa. Maji ya mvua yalikuwa yanateremka kutoka kwenye mabati mbele yetu kama pazia. Nilisema kwamba sikujua kilichomo, kwamba nilijua tu kisichokuwemo. Nilisema tunaweza kulifungua pale pale, au kupanda gari turudi Lanet, yeye achague.

Alikunywa chai yote kwanza.

"Mimi pia nilijua," akasema. "Si Lanet. Kwa yule mama wa Kampi ya Moto. Nimekuwa nikisema labda mume wangu alijua kupanga vitu vyepesi kuliko wewe." Akanirudishia kikombe. "Tutaenda mpaka mwisho. Alisema inaenda Bogoria. Hata kama imejaa upepo, itaenda."

Ibada ilipoisha mwenye duka alikuja, akatukuta, akatukaripia kwa kuwasha moto kwenye kibaraza chake cha mbao, kisha akatuuzia mkate na kutupa maharagwe ya bure. Jioni alitafutia Mama Wairimu nafasi kwa dada yake, nami nikalala kwenye kibaraza kile kile, baada ya kuahidi kutowasha hata kiberiti.

Maji Moto, hadi ziwani

Kutoka Mogotio tulipita Mugurin, nchi ya mbuzi, miiba na mawe, ambako maji ya kunywa yalikuwa ya chumvichumvi na watu walitusindikiza hatua kadhaa kwa heshima kisha wakarudi. Siku tuliyofika kijiji cha Maji Moto jua lilikuwa kali kiasi kwamba nilimfundisha Mama Wairimu kulowesha leso na kuivaa chini ya kofia. Hatukulizungumzia begi tena. Lakini sasa alilibeba tofauti, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Tulipoliona ziwa, sikulitambua. Mahali tulipopiga hema na Ndung'u, chini ya mikuyu mikubwa, pamekuwa maji. Vichwa vya miti vilikuwa vimetokeza mbali na ufuo, bila jani hata moja, na ndege wamekaa juu yake. Barabara tuliyoikumbuka iliingia ziwani na haikutoka. Nilitafuta kwa macho lile jiwe bapa tulilopikia, nikijua siwezi kuliona, na nikaona aibu kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi atakaa juu yake.

"Ilikuwa wapi?" akauliza.

Nilinyoosha mkono kuelekea majini.

"Sawa," akasema. "Basi hapa ndio mwisho wa barabara." Akavua begi, akaliweka kwenye changarawe, akapiga magoti. "Baba Mercy, kaa hapa. Wewe ndiye unajua kila kitu kinakaa wapi."

Alifungua. Juu kabisa kulikuwa na koti la mvua la Ndung'u, limekunjwa sawasawa. Chini yake, mahali pa sufuria, palikuwa na kipande cha sponji kilichokatwa mviringo na kufungwa ndani ya kitambaa cha sufuria. Mahali pa jiko, karibu na mgongo, usawa wa mabega, palikuwa na kipande kingine, kidogo, ndani ya mfuko wa jiko. Chini, mahali pa blanketi lake zito la zipu, palikuwa na mto mzima wa kochi, umekunjwa na kufungwa kamba.

Alivitoa kimoja kimoja akavipanga kwenye changarawe. Alipofika kwenye mto wa kochi alikaa chini.

"Huu mto nimeutafuta. Nililaumu watu wa matanga. Nilisema hadharani kuna mtu amekuja kulia kwangu akatoka na mto." Alijaribu kucheka. Kisha akauweka usoni na kulia, na mimi nikaangalia ziwa.

Baadaye alisema, sauti ikiwa bado ndani ya mto, "Basi alijua."

Nililivuta begi tupu karibu yangu. Nilipoligeuza, macho yangu yalitua kwenye mikanda ya mabega. Ilikuwa imevutwa karibu na mwisho, hadi ncha zake ndefu zikawa zinaning'inia, na ncha zile zilikuwa zimekunjwa na kufungwa kwa mpira mdogo. Nilizoea kumfokea Ndung'u kuhusu ncha zinazoning'inia. Hushika miiba.

"Mama Wairimu, mikanda hii ulikaza lini?"

"Sijaigusa. Nilivaa tu, ikanitosha."

"Hujaigusa kabisa?"

"Si nakuambia. Kwani?"

Nilimwonyesha. Nilimwonyesha alama nyeupe iliyochakaa kwenye mkanda, mahali kifungo kilipokaa miaka yote, saizi ya Ndung'u tuliyemjua. Kisha nikamwonyesha kilipo kifungo sasa. Mtu hakazi mikanda ya begi la kusimamisha nyuma ya mlango. Mikanda hukazwa begi likiwa mgongoni, kidogo kidogo, mpaka likae. Ndung'u wa mwezi ule wa mwisho alikuwa amebaki mwili wa kutosha saizi ya mkewe.

"Alilivaa," nikasema. "Hukuwepo, labda ulikuwa sokoni. Nadhani kwanza alilipakia kama kawaida, akashindwa kuinuka nalo. Akatoa sufuria. Akajaribu tena. Akatoa jiko. Kila alichotoa alikiwekea kitu chepesi mahali pake ili begi lisipoteze umbo, maana begi likilegea linamvuta mtu nyuma. Hivyo ndivyo tulivyofundishana. Aliendelea kutoa mpaka akapata mzigo anaoweza kusimama nao. Mtu anayetaka kukudanganya angelijaza na kulisimamisha tu, Mama Wairimu. Huyu alikaza mikanda."

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia ninachokijua ni mikanda tu.

Aliipitisha mikanda vidoleni. "Kwa hivyo alijua," akasema, "na alijaribu kwenda."

"Hivyo ndivyo ninavyoona."

"Na mimi nilikuwa sokoni."

Nilikusanya vipande vya sponji kutoka kwenye changarawe.

Alikuwa anairudisha mikanda chini alipogusa mfuko mdogo wa juu, ule wa zipu. Tulikuwa tumeusahau. Ndani kulikuwa na karatasi ya unga iliyosokotwa. Aliifungua kidogo, akachovya kidole, akaonja.

"Chumvi."

Mayai yalikuwa kwangu, kama siku zote, nimeyazika ndani ya unga wa ugali kwenye kopo ili yasipasuke. Tulitembea ufuoni hadi tukapata chemchemi ambayo ziwa lilikuwa halijaimeza, inachemka peke yake kando ya maji, na harufu ya kiberiti. Niliyatia mayai kwenye neti ya vitunguu na kuyateremsha kwa ufito mmoja wa hema. Tuliyala tumesimama. Alinyunyiza chumvi kwenye yai lake, akanipa karatasi, nami nikanyunyiza. Kabla ya kula la pili aligeukia upande wa ile miti iliyokufa majini, akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayemuaga mwenzake asubuhi, maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kurudi Lanet

Tulirudi kwa gari, na hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba alilala njia nzima, amekumbatia mto wa kochi, na abiria walidhani amepakata mjukuu.

Nyumbani kwake Lanet niliteremsha mabegi yote mawili mlangoni. Nilidhani atanipa la Ndung'u lote, au atalifungia kabatini, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Aliupiga mto vumbi na kuurudisha kwenye kochi, mahali palipokuwa wazi muda wote huo. Kisha akafungua lile fundo ubavuni, akatoa fito, akazifuta moja moja na kitambaa, akazipeleka chumbani. Nilisikia zikiegemezwa nyuma ya mlango.

Nilisimama na kitambaa changu na vigingi vyangu.

"Kitambaa ni chako," akasema aliporudi. "Fito zinabaki kwangu. Siku ukitaka kwenda mahali, utapitia hapa."